Baiskeli Isiyo na Mzigo

Lugha yetu imewapa mwenye gari na mwenye baiskeli kitenzi kimoja: wote wawili twasema waendesha. Nimelitaja neno hili darasani kwa miaka mingi, katika mifano ya enda na endesha, pasipo kulitilia maanani. Mwaka huu, baada ya kukaa miaka 21 bila kugusa baiskeli, nimeona kuwa lamstahili mmoja kuliko mwenziwe. Gari huenda kwa petroli, na mtu hulielekeza tu. Baiskeli haiendi ila iendeshwe, na mapaja ya mwendeshaji ndiyo mashahidi wa sarufi hiyo.

Ujanani nilikuwa mpandaji hodari. Kisha yakaja masomo ya juu, baada ya masomo likaja gari, na pamoja na gari likaja tumbo. Tabibu alipopima shinikizo la damu yangu alisema maneno machache makali, nami juma lile lile nikanunua baiskeli ya mtumba. Fundi akabadili mnyororo na mpira wa ndani, akakaza breki, akainua kiti.

Kupanda hakukunishinda. Mizani ilinirudia kabla sijafika mwisho wa ua, na jambo hili lastahili kustaajabiwa. Baiskeli ikiinama kushoto, mikono huupeleka usukani kushoto, magurudumu yakarudi chini ya uzito, na mwenyewe hana habari. Hata pasipo mtu, baiskeli nyingi zikisukumwa kwa kasi ya kutosha hujisimamisha zenyewe kwa kitambo. Kwa muda mrefu wengi walidhani sababu ni mzunguko wa magurudumu. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani na Uholanzi wakaunda baiskeli ndogo iliyobatilisha nguvu ya mzunguko huo, nayo ikajisimamisha vile vile. Chombo hiki kilizaliwa Ujerumani mwaka 1817, hakina hata kanyagio, na hata leo chawatoa jasho wenye hesabu zao.

Kilichorudi kwa taabu ni pumzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimejengwa juu ya kilima, ndiyo maana watu hupaita Mlimani. Kushuka kuelekea Mwenge ni raha tupu, upepo wakupuliza shingoni na mnyororo waimba. Kurudi ni habari nyingine. Majuma matano nilikuwa nikifika nusu ya mlima nikishuka na kuikokota, huku wanafunzi wakinipita kwa miguu na kuniamkia kwa adabu iliyozidi kiasi. Juma la sita nilifika juu ningali kitini, moyo wadunda kama ngoma ya harusi.

Macho ya watu yalikuwa mlima mwingine. “Bwana Mwalimu, gari limekwenda gereji?” aliniuliza mwenzangu mmoja, kwa huruma ya kweli. Simlaumu. Kwetu baiskeli ni punda wa chuma: hubeba mkaa, magunia, maji na samaki. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilibeba abiria, na jina la bodaboda lilikuwa lake kabla pikipiki hazijalitwaa. Mtu aipandaye bila mzigo wala safari ni kitendawili.

Jumapili moja alfajiri, katika Barabara ya Bagamoyo ya zamani, nilimfikia muuza madafu wa makamo ya baba yangu mdogo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wapeleka nini?”

“Sipeleki kitu. Natembea tu.”

Akaitazama keria yangu tupu. “Watembea na baiskeli?”

Nilimwambia habari za tabibu. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikutosha, kwani tabibu hakuniamrisha kufurahi, nami nilikuwa na furaha tele asubuhi ile. Furaha hiyo sikuweza kuitamka mbele ya mtu aliyeamka usiku kufunga madafu kwa kamba. Mzee akacheka. “Basi kaa nyuma yangu. Mbele kuna upepo.”

Nikakaa nyuma yake. Upepo ulimpiga yeye na madafu yake yapatayo 40, nami nisiye na kitu nikahema kwa kumfuata. Alipopinda kuingia Msasani nilinunua dafu moja. Alilikata kwa mapigo matatu, nikalinywa nimesimama, naye kabla sijalimaliza alikwisha kupanda na kwenda zake.