Shoga Yangu Anakwenda Muscat

Mwenzio nilikuwa Unguja wiki nzima kwa shoga yangu, ambaye mwezi ujao anakwenda Muscat kufanya kazi. Tulikubaliana: hakuna kulia, ni kula tu!

Basi mchana urojo, jioni pweza na muhogo pale Forodhani. Katikati tunazurura vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka tunapotea. Siku moja tukaingia Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kumtimua Mreno mwaka 1698, palepale palipokuwa na kanisa lake. Baadaye ikawa jela. Mreno kanisa analiita igreja, ndiyo sisi tukapata gereza. Meza na leso nayo maneno yake. Hata muhogo, yeye ndiye aliyeuleta kutoka Brazil.

“Kumbe mtu anaondoka, vitu vyake vinabaki,” shoga akasema. Nikajifanya sikusikia.

Siku ya kurudi Dar akanisindikiza bandarini. Boti inapiga honi, naye anatoa leso.

“Tulikubaliana nini?”

“Aa, pilipili ya urojo hiyo.”

Jamani! Asubuhi ile tulikunywa chai kavu.