Dau la Mnyonge Katika Mkutano wa Wadau



Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa mwezeshaji katika mkutano wa wadau ulioitishwa na kampuni moja ya kimataifa inayonunua maua kutoka mashamba ya nchi zetu. Sitaitaja kampuni hiyo, wala shamba, wala hoteli tuliyokutania, kwa kuwa kisa chenyewe kinanihusu mimi zaidi kuliko wao. Mada ilikuwa kazi na haki za binadamu. Ukumbini walikuwamo mameneja, washauri waelekezi kutoka ng'ambo, maofisa wa serikali, watu wa asasi za kiraia, nami ambaye shahada yangu ya uzamivu ilitajwa mara mbili wakati wa utambulisho. Nyuma kabisa, karibu na mlango, walikaa wafanyakazi wanne wa shambani. Walikuwa wamechaguliwa na mwajiri wao.

Baada ya chai ya saa nne, mmoja wao, mama wa makamo, alisimama. Alieleza kwa maneno machache kwamba wanaingizwa kwenye mabanda ya maua kabla dawa iliyopulizwa haijakauka, kwamba macho huwawasha hadi usiku, na kwamba anayekataa kuingia hupoteza ujira wa siku hiyo. Kisha akauliza: "Tukisema hapa, atatujibu nani, na lini?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na karatasi kubwa ilikuwa ukutani. Nikaandika: "Usalama na afya mahali pa kazi: kuimarisha uelewa wa wafanyakazi." Mshauri mwelekezi akaitikia kwa kichwa. Mama yule aliyasoma maandishi yangu, akanitazama, akaketi. Hakusema tena mpaka tulipoagana.

Nimelirejea tukio hilo mara nyingi. Yeye alisema juu ya dawa ya mwajiri, mimi nikaandika juu ya uelewa mdogo wa mfanyakazi. Yeye aliuliza swali linalodai jina la mtu na tarehe, mimi nikaligeuza kuwa mada ya semina. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Hiyo ndiyo lugha ya mikutano ya namna ile, na mimi naimudu. Bila shaka ndiyo sababu niliitwa, nikapewa na bahasha ya posho.

Tulitazame neno lenyewe: wadau. Limeenea katika hotuba, mipango kazi na taarifa za serikali kiasi kwamba hatulisikii tena. Mimi kila nilisikiapo husikia ndani yake neno dau, yaani kile anachokiweka mtu mezani katika mchezo wa bahati, ambacho aweza kukipoteza. Kama hiyo ndiyo maana, basi ukumbi ule haukuwa na wadau wa aina moja. Kampuni iliweka sehemu ya faida yake na jina lake jema. Mimi niliweka siku moja ya kazi. Mama yule aliweka macho yake, mapafu yake, na ajira inayowalisha watoto wake. Kuwaita wote wadau, kisha kuwapa kila mmoja dakika tatu za kuchangia, ni kuufunika kwa kitambaa cheupe ukweli ambao wazee wa pwani waliusema zamani: dau la mnyonge haliendi joshi. Dau hilo la methali ni chombo cha baharini, na kwenda joshi ni kusafiri kwa kuukabili upepo. Chombo kidogo chenye tanga bovu hakiwezi, hata nahodha wake awe hodari namna gani.

Haki itendeke: sheria na miongozo ya dunia hailitazami jambo hili kijuujuu. Mwezi Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoandaliwa chini ya uongozi wa marehemu Profesa John Ruggie. Kanuni hizo 31 zimesimama juu ya nguzo tatu: wajibu wa dola kulinda, wajibu wa kampuni kuheshimu, na haki ya aliyeumizwa kupata nafuu. Kanuni ya 18 inazitaka kampuni zifanye mashauriano yenye maana na watu wanaoweza kuathiriwa. Maelezo ya Kanuni ya 29 yanaonya kwamba utaratibu wa malalamiko wa kampuni usitumiwe kudhoofisha nafasi ya vyama halali vya wafanyakazi. Aliyeandika maneno hayo alijua kwamba sanduku la maoni laweza kugeuzwa kuwa kaburi la chama.

Hata hivyo, baina ya kanuni na banda la maua imeota sekta nzima: wakaguzi wa kijamii, vyeti, taarifa za mwaka zenye picha za watu wanaotabasamu. Matokeo yake yameandikwa kwa damu. Mwezi Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistani, kiliteketea na kuua zaidi ya watu 250. Wiki chache tu kabla, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha viwango bora vya kazi. Mkaguzi alikuwa amepita na cheti kilikuwa kimetolewa, lakini wafanyakazi walikwama ndani ya moto.

Miezi saba baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, jirani na Dhaka, Bangladeshi, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wakiwa wanawake waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani Kaskazini. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini, na wengine wakatishiwa kukatwa mishahara. Baadhi ya viwanda vilivyokuwa ndani ya jengo hilo navyo vilikuwa vimewahi kukaguliwa.

Hapa ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Wale washonaji hawakuwa na upungufu wa uelewa. Waliziona nyufa kwa macho yao, wakaogopa, wakasema. Walichokosa ni uwezo wa kukataa na wakabaki na ujira wao. Mfanyakazi wa benki aliondoka kwa sababu mwajiri wake alimruhusu. Mshonaji alipanda ngazi kwa sababu hakuwa na chama chenye nguvu ya kumwambia bwana wake: leo hatuingii.

Yaliyofuata Rana Plaza yanatufundisha kwamba njia nyingine ipo. Mwezi Mei 2013 ulitiwa saini Mkataba wa Usalama wa Moto na Majengo wa Bangladeshi, baina ya kampuni za nguo, ambazo baadaye zilizidi 200, na vyama vya wafanyakazi, yakiwamo mashirikisho ya kimataifa ya IndustriALL na UNI. Katika kamati yake ya uongozi, kampuni na vyama vilikuwa na viti sawa, na Shirika la Kazi Duniani likashika kiti cha mwenyekiti asiyeegemea upande. Wakaguzi walikuwa huru, na taarifa za kila kiwanda ziliwekwa wazi kwa umma. Mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba mkataba ulikuwa na nguvu ya kisheria. Kampuni mbili ziliposhitakiwa na vyama hivyo kwa kutotimiza ahadi, mashauri yalikwenda kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, na moja likamalizwa mwezi Januari 2018 kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 2.3.

Barani mwetu pia upo mfano. Nchini Lesotho, wanawake walioshona suruali za jinzi walifichua kwamba wasimamizi waliwalazimisha kingono ili wapate au wasipoteze ajira. Mwezi Agosti 2019 kampuni za Levi Strauss, Kontoor Brands na The Children's Place, pamoja na mwenye viwanda, Nien Hsing, zilitia saini makubaliano na vyama vya wafanyakazi na asasi za wanawake za nchini humo. Kiliundwa chombo huru cha kupokea na kuchunguza malalamiko, na wanunuzi wakakubali kupunguza oda iwapo mwenye kiwanda atakaidi. Swali la mama yule, atatujibu nani, na lini, lilipata jibu huko kwa maandishi.

Ofisa mmoja wa serikali, rafiki yangu, huniambia: "Daktari, tukiwabana hawa watahamia kwa jirani, na huyo mama yako atakosa hata hicho kidogo." Siichukulii hoja hiyo kuwa ya kipuuzi. Njaa nayo huua. Lakini mkataba wa Bangladeshi uliwataka pia wanunuzi kuhakikisha kwamba fedha za kurekebisha viwanda zinapatikana, badala ya mzigo wote kumwangukia mwenye kiwanda. Isitoshe, hatuombi sheria ngeni. Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 98, kuhusu haki ya kujadiliana kwa pamoja, mwaka 1962, na Na. 87, kuhusu uhuru wa kujumuika, mwaka 2000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema na chama chenye wanachama wengi, na mkataba wa hali bora unaotokana na majadiliano hayo huzifunga pande zote mbili. Chombo tunacho. Tanga ndilo limekunjwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtumishi wa umma, utakapopata tena barua ya mwaliko wa mkutano wa wadau, uliza kwanza kama shamba hilo lina mkataba wa hali bora. Nawe mwanaharakati, uliza ni nani aliyewachagua wafanyakazi watakaosema, na nini kitawapata wakisharudi kazini. Nanyi wanafunzi wangu, ambao kesho mtakuwa washauri waelekezi na wezeshaji, mkishika kalamu andikeni maneno ya msemaji kama alivyoyasema.

Nakala ya taarifa ya mwaka ya kampuni ile ilinifikia baadaye. Ndani yake imo picha yangu nikiwa mbele ya karatasi ile ya ukutani, na maelezo yanasema kwamba wadau walishirikishwa kikamilifu. Mwaliko wa pili ulipokuja, niliwaandikia kwamba nitakuja iwapo ajenda ya kwanza itakuwa jibu la swali lililoulizwa mara ya kwanza. Hawakunijibu. Nasikia mkutano ulifanyika, na kwamba mwezeshaji alikuwa mwenzangu wa idara ya jirani.

Jina la mama yule silijui. Niliandika majina ya wote waliokaa mbele, lakini la kwake sikumwuliza.