Tulikaribia Kuuza Ng'ombe kwa Sababu ya Plagi

Akina mama wenzetu mnaoishi na gari kuukuu mtatuelewa. Letu ni Toyota IST. Tulilinunua mwaka 2019 likiwa limekwisha kutumika Japani, na hapa Kishapu limefanya kazi ya trekta: limebeba magunia ya mtama, limebeba wanakwaya, na kila mwezi humpeleka mama mkwe Hospitali ya Kolandoto kupimwa presha. Mwaka jana, baada ya mavuno ya pamba, likaanza kumisi.

Asiyejua kumisi ni nini na awafikirie wanawake wanne wanaotwanga katika kinu kimoja. Kila mmoja ana zamu yake, na mlio wa michi huenda sawa. Mmoja akikosa zamu, mlio unachechemea na wote wanachoka. Ndivyo ilivyo injini ya silinda nne. Gari letu likisimama lilitetemeka, kwenye mwinuko likakosa nguvu, na kwa nyuma likanuka petroli mbichi. Taa ya njano ya injini ilikuwa imewaka siku nyingi, tukaizoea. Siku moja, tukiwa njiani kwenda Kolandoto, ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Hatukujua maana yake. Tuliendelea na safari, mama mkwe kwenye kiti cha nyuma akituuliza kwa nini gari linakohoa. (Baadaye tulielezwa kuwa taa hiyo ikipepesa hivyo inakuomba usimame. Petroli isiyoungua silindani inakwenda kuungulia kwenye bomba la moshi, na huko inaharibu chombo cha kusafishia moshi, ambacho bei yake hatutaki hata kuiandika hapa.)

Fundi wa kwanza alifungua plagi, zikatoka zimelowa oili. Akazirudisha zile zile, na alipowasha, moshi wa buluu ukajaa uani. Akatikisa kichwa. "Ringi zimekwisha. Injini inakula oili. Tafuteni injini nyingine." Pamoja na ufundi, shilingi milioni moja na laki nane.

Fedha hizo hatukuwa nazo. Tulichokuwa nacho ni ng'ombe watatu waliobaki katika mahari ya binti yetu mkubwa. Mmoja wetu alisema ng'ombe ni mali ya nyumba na gari ni mali ya nyumba, sasa shida iko wapi? Mwingine akasema ng'ombe wale ndio mahitaji ya shule ya mdogo wake anayeingia kidato cha tano, na hawauzwi kwa ajili ya chuma. Hatutasema ni nani alisema lipi. Siku tatu tulizungumza kwa kupitia watoto: "Kamwambie baba yako chakula kiko tayari." Mnunuzi akaambiwa aje Alhamisi.

Jumatatu usiku tulilazimika kukaa meza moja kuona fedha zimekwenda wapi, na hapo likafunguliwa daftari la matumizi, lile ambalo humu nyumbani hutaniwa kuwa ni daftari la ubahili. Kila kitu kimeandikwa humo, hata chumvi. Oili ya gari tuliongeza nusu lita mara mbili tu kwa muda wa miezi minne. Injini iliyokufa hula kidogo namna hiyo? Halafu ule moshi wa buluu: hakuna kati yetu aliyewahi kuuona kabla ya siku ile ya fundi, wala baada yake. Kwa mara ya kwanza wiki ile tukakubaliana jambo moja, kwamba tuulize kwa mtu mwingine kabla ya Alhamisi.

Jirani alituvutia gari hadi Shinyanga mjini, kwa kijana aliyewahi kutengeneza magari ya mgodini huko Geita. Huyu alianza kwa kutusikiliza, akaomba na daftari alione. Kisha akachomeka mashine ya kupimia, ikasema: silinda ya pili. Hakututuma kununua kitu. Alichomoa koili ya silinda ya pili akaihamishia ya tatu, na ya tatu akaileta kwenye ya pili, akafuta kumbukumbu na kuwasha. Mashine ikasema: silinda ya tatu.

"Mama, umeona? Nimehamisha koili, na misi imeifuata."

Lakini koili ilikufa kwa nini? Kwenye tundu lake mlikuwa na oili. Aliinyonya yote kwa bomba la sindano kwanza, isidondokee ndani, ndipo akafungua plagi na kutuwekea mkononi. Juu, kwenye kaure nyeupe, ilikuwa imelowa oili. Chini, kwenye ncha inapotoka cheche, ilikuwa nyeusi kwa petroli isiyoungua, lakini oili hakuna. Zile nyingine tatu ncha zake zilikuwa kavu, za kahawia.

"Oili hii imetoka juu," akasema. "Ringi zingekuwa zimekwisha, ncha ndiyo ingelowa."

Kumbe ni sili za mpira zilizo chini ya kava la valvu. Zilikuwa zimekakamaa kwa joto, oili ikawa inateremka kwenye matundu ya plagi, ikaharibu mpira wa koili na cheche zikatorokea pembeni. Na moshi wa buluu? Fundi wa kwanza alifungua plagi bila kuikausha oili, ikamwagikia silindani, na alipowasha ikaungua yote kwa pamoja. Kijana akapima na mgandamizo ili tulale usingizi: silinda zote nne zilikaribiana. Injini nzima kabisa.

Gasketi ya kava na sili zake, koili moja, plagi nne na ufundi, jumla 185,000. Imeandikwa kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Alhamisi mnunuzi alifika na kamba yake. Tulimkaribisha chai, tukamweleza habari yote, akacheka sana. Kabla ya kuondoka akauliza huyo fundi anapatikana wapi, maana pikipiki yake nayo ilikuwa inamisi.