Boti Ilikuwa na Karatasi, Sisi Hatukuwa Nazo

Mambo mawili yalituondoa nchi kavu mwaka 1964. La kwanza lilikuwa maji. Mvua kubwa zilizoanza 1961 zilikuwa zimelijaza Ziwa Tanganyika kupita kiasi, na kufikia Mei 1964 kuta za nyumba yetu ya matofali mabichi pale Kalundu, gati ya mji wa Uvira mashariki mwa Kongo, zilikuwa zimelowa na kuanza kumeguka. La pili lilikuwa vita. Mwezi huohuo waasi wa Gaston Soumialot waliuteka mji wa Uvira, na Mgiriki aliyekuwa akimwajiri baba akavuka kwenda Bujumbura na kile alichoweza kubeba. Nilikuwa na miaka miwili, kwa hiyo haya nimesimuliwa. Mengi ya yanayofuata niliyaona kwa macho yangu.

Mgiriki huyo alikuwa mmoja wa wale walioleta ziwani kwetu, miaka ya 1950, uvuvi wa nyavu za kuzungushia: boti kubwa ya chuma, mitumbwi ya taa inayoitangulia gizani, na wavu unaofungwa chini kama mfuko ndagala wakishajikusanya mwangani. Baba alikuwa mtu wa taa. Siku tajiri alipoondoka alikuwa akidaiwa mishahara ya miezi mingi, akamwachia baba ile boti pamoja na karatasi zake. Haikuwa na wavu tena. Ilikuwa na mita 16, mashine ya dizeli, chumba cha nahodha, na tumbo lililonuka samaki hata baada ya mama kulisugua kwa majivu na sabuni wiki nzima.

Mwaka 1965, Che Guevara na Wakuba wake walipovuka kutoka Kigoma, Tanzania, hadi Kibamba na ufuko wote wa Fizi ukawa uwanja wa vita, sisi tulikuwa tumefunga kamba ng'ambo, Rumonge, Burundi. Tuliporudi Kalundu, nyumba haikuwepo tena. Baba akaliezeka tumbo la boti kwa mbao, akatoboa madirisha mawili upande usiopigwa na upepo wa kusini, akatugawia vyumba kwa mapazia ya magunia. Tukakaa humo hadi 1979.

Wanaosikia kwamba nililelewa ndani ya boti hudhani tulikuwa tukielea tu kila siku. Sehemu kubwa ya mwaka tulikuwa tumetia nanga Kalundu, hatua chache kutoka gatini, mama akipika sombe juu ya jiko la babula lililowekwa ndani ya sinia la mchanga ili makaa yasitoboe sitaha. Tulioga ziwani, tukanywa maji ya ziwa, na usiku usio na mbalamwezi tuliona taa za wavuvi zimetapakaa majini hadi upande wa Bujumbura. Mbalamwezi ikitoka, wavuvi hupumzika, kwa kuwa ndagala hawaifuati taa usiku wa mwanga. Hiyo ndiyo ilikuwa kalenda yetu.

Safari zilikuwa za biashara. Tukitoka na chumvi ya Uvinza iliyoletwa kupitia Kigoma, sukari ya Kiliba na sabuni, tulifuata ufuko kuelekea kusini: Makobola, Swima, Baraka, kisha kuizunguka rasi ya Ubwari kwenda Kazimia, na mara chache hadi Kalemie. Tulirudi na mawese, mihogo mikavu na ndagala wakavu. Mama alikuwa Mbwari, mzaliwa wa rasi hiyo. Baba alikuwa Mtabwa wa upande wa Moba. Sisi watoto tulizaliwa Kalundu, Rumonge, na mmoja njiani, kati ya Swima na Baraka. Kila tulipofika tulipokewa na swali lilelile: "Mumetoka wapi?" Jibu likitoka, watu walitaka kujua bei ya chumvi huko, nani amefariki, nani ameoa. Kwa watu wa ufukoni swali hilo lilikuwa njia ya kupata habari. Hakuna aliyetaka kujua babu yetu alizikwa wapi.

Mambo yalianza kuharibika katikati ya miaka ya 1970. Bei ya shaba ilianguka, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ikakosa fedha za kigeni, na Uvira tukakosa mazutu, yaani dizeli. Kuna wakati baba alikaa Kalundu akisubiri pipa moja mpaka mihogo ya mteja ikaota ukungu tumboni mwa boti. Aliyekuwa na pipa alilificha, na aliyelihitaji alilinunua kwa bei ya mwenye kulificha. Boti isiyosafiri huchakaa upesi kuliko inayosafiri. Chuma kikaanza kuvuja kwenye mishono, na kila asubuhi kabla ya shule kaka yangu na mimi tulikumba maji kwa makopo ya mafuta.

Halafu, mwaka 1978, kikaja kipindupindu. Kilikuwa kimeingia kwenye miji na vijiji vya ziwa, na watu walijua kwamba husafiri na wasafiri. Safari moja tulifika kijiji kimoja cha kusini ambako mama alikuwa na marafiki wa miaka mingi. Wanaume walisimama kwenye maji, yakiwafika magotini, fimbo mkononi. Mmoja wao akapaza sauti: "Mumetoka wapi?" Lilikuwa swali lilelile, ila safari hii hakuna aliyengoja bei ya chumvi. Baba akajibu, "Kalundu." Wakatuonyesha ziwa kwa fimbo. Tukalala tumeelea mbali na ufuko, na alfajiri mwanamke mmoja akaja kwa mtumbwi, akatuletea maji yaliyochemshwa ndani ya dumu, akageuza mtumbwi bila kutugusa. Namheshimu mpaka leo. Ila tangu siku hiyo mama akaanza kusema habari ya kuuza.

Baba hakutaka. Alisema boti ndiyo kitu pekee alichopata kwa jasho lake bila kupewa na chifu wala serikali. Mama alikuwa na hoja moja na hakuiacha: dada zangu. Kila safari iliwapotezea majuma ya masomo, na mkubwa wao alikuwa amerudia darasa la nne. "Wewe unahesabu chuma," alimwambia baba, "mimi nahesabu watoto."

Mnunuzi alitoka Kalemie, mfanyabiashara mwenye boti nyingine mbili, na alikuja na fundi wake. Sijasahau asubuhi ile. Fundi alivua viatu, akaingia tumboni mwa boti akiwa na nyundo ndogo na kipande cha chaki. Aligonga bamba moja baada ya jingine, kichwa amekiinamisha. Chuma kizima kilitoa mlio mkali, na hapo alipita. Chuma kilicholiwa na kutu kilitoa mlio mzito uliokufa palepale, na hapo alichora duara kwa chaki. Mama alikuwa ameketi kitandani kwake akichambua mchele. Fundi aliomba radhi, akasogeza pazia, akagonga ukuta uliokuwa nyuma ya mto wa mama, akachora maduara matatu yaliyogusana. "Muzee, hapa chuma imechoka," akamwambia baba. Mama akayatazama yale maduara, akaendelea na mchele. Baadaye alituambia kwamba alikuwa amelala miaka yote hiyo sentimita chache kutoka mahali ziwa lilipotaka kuingilia, na hakuna aliyemwonyesha mpaka alipokuja mtu wa kununua.

Bei ikabishaniwa kwa siku kadhaa, na kila duara la chaki likapunguza kitu. Baba alitaka noti. Mama alikataa noti. Alikuwa mwanamke wa soko, na alikuwa ameona jinsi alivyohitaji zaire nyingi zaidi kila msimu kununua pipa lilelile la mawese. Alitaka kitu kisichonyauka: kiwanja ambacho yule mfanyabiashara alikuwa nacho mtaa wa Kakombe, Uvira, mabati ya kuezekea, na mifuko ya saruji. Mnunuzi alicheka, akamwambia baba kwamba mwanaume huongea na mwanaume. Baba akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ongea naye. Boti yangu, lakini nyumba yake." Mapatano yakafanyika hivyo, na noti chache juu yake kwa ajili ya kulipia kubeba vitu.

Siku ya kukabidhiana, Novemba 1979, ndipo nilipoziona karatasi za boti kwa mara ya kwanza. Baba alizitoa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira. Zilikuwa na jina la boti, namba, urefu, upana, uzito, nguvu ya mashine, na sahihi za mabwana wa enzi ya Wabelgiji. Mnunuzi alizisoma moja moja, akaridhika. Nikatambua kwamba ndani ya kopo lile hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina la mmoja wetu. Chombo tulichoishi kilijulikana na serikali kuliko sisi tuliokuwa ndani yake.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Noeli, redio ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 si pesa tena. Watu walipewa siku chache kubadilisha, na kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Niliona wazee wakilala mlangoni pa benki, magunia ya noti mapajani. Niliona wachuuzi wa samaki waliokuwa wameficha akiba ya miaka chini ya mkeka wakiwapa watoto noti za kuchezea. Baba alikuwa juu ya paa akipigilia bati. Hakusema kitu, na mama, namshukuru, hakumkumbusha.

Basi tukawa watu wa nchi kavu, na ndipo swali likaja kwa sura ya tatu. Mkuu wa mtaa alifika na daftari. Alitaka jina, kazi, na asili: kijiji, kolektivite, zone. Baba akasema Moba. "Hapa ni kwa Bavira," akasema mkuu wa mtaa, bila ubaya, kama anayemsaidia mgeni kujaza fomu. Mama akasema Ubwari. Akaandika. Alipofika kwangu akauliza nimetoka wapi, nikasema Kalundu, akacheka: "Kalundu ni gati, kijana." Mwaka 1981 ikatoka sheria mpya ya uraia iliyorudi nyuma hadi kwa mababu kutafuta nani ni Mzaire, na tangu hapo neno asili likawa zito Uvira kuliko mahali pengi. Sisi halikutuumiza kama lilivyowaumiza wengine. Ila tuliokua bila kuulizwa tulilisikia kila lilipotamkwa, hata pale lilipomhusu jirani.

Boti yetu ilibeba mizigo ya Kalemie miaka michache, kisha mabamba yaliyosalia yakakatwa ufukoni yakawa milango ya maduka.

Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita vilipoingia Uvira, waliokuwa na boti walivuka kwanza. Baba, mzee wa miaka sabini na kitu, alisimama gizani kwenye ufuko wa kusini mwa Kalundu akijadiliana nauli na kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Alilipa kwa mabati aliyoyang'oa mwenyewe kwenye paa la nyumba ya mama. Ndugu zangu wengi hutaja usiku huo kila tukikutana, na husema kwamba mzee aliuza kwa hasara, kwamba mtu wa ziwa hauzi chombo chake. Najua wanachotaka kusema. Kiwanja hakisogei vita vikija, na fundi wa nyundo hakukipigia hesabu kitu hicho.

Lakini mimi nilikuwa pamoja nao Kigoma, na baadaye Nyarugusu, Kasulu, kambi iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Foleni ya kuandikishwa ilikuwa ndefu, maswali yalikuwa yaleyale, na watu wengi hawakujua kusoma walichokuwa wakitia sahihi. Dada yangu mkubwa, yule aliyerudia darasa la nne, alikuwa mwalimu kwa wakati huo. Alisimama kando ya meza akawasomea watu fomu zao, mstari kwa mstari, siku nzima, Wabembe, Wafuliiru, Wavira, yeyote aliyefika. Boti isingempa hilo. Nikiambiwa niitie bei upya leo, naanza hesabu kwake, na sioni hasara.