Kimita cha Bei Rahisi na Haki ya Tokeni

Hapa Pinetown tunaokaa nyumba moja huchangia umeme wa tokeni. Ukiisha mapema, lawama huanza: nani kaula? Tukanunua kimita cha bei rahisi cha kuchomeka ukutani kituamulie, ila kwanza tukakipima chenyewe kwa birika la umeme. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 100 huhitaji takriban uniti 0.093, bila kuhesabu joto linalopotea. Kimita kilisoma 0.11, hapo tunakiamini. Chaja ya simu huvuta umeme kidogo, tena kwa mikupuo mifupi, nacho kikaandika sifuri. Sifuri hiyo haithibitishi kwamba chaja haili. Basi tumekubaliana: hita na birika kimita kihukumu, chaja na taa tugawane sawa.