Nyumbani kwa Livingstone, Tulimtafuta Halima

Mama msomaji, wageni wengi huja Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, kuona tembe alimoishi Dakta Livingstone mwaka 1872. Sisi akina mama tulikwenda kwa ajili ya mpishi wake.

Tulipoingia kati ya zile kuta nene za udongo, tuliuliza kwanza jiko lilikuwa wapi. Stanley alikwenda zake mwezi Machi. Mzee akangoja wapagazi mpaka Agosti. Aliyempikia ni Halima, mjakazi, mke wa Amoda. Siku moja aligombana na mwenzake Ntaoeka, akaondoka. Akarudi mwenyewe, akasimama nje, akitaka abembelezwe aingie. (Nani kwetu hajafanya hivyo?) Livingstone akatoka, akamwita, akampa nguo ya baridi. Katika daftari lake aliandika kwamba kabla ya hapo hajapata kumkemea, na kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Mwaka 1873 Livingstone alifariki kwa Chitambo. Msafara uliochukua maiti ulirudi kwa njia hii hii, Halima akiwamo. Aliyekusudia kumnunulia nyumba alikuwa ndani ya mzigo.