Ushahidi wa Chuma

Apitishaye chombo cha kutambua metali juu ya ardhi ya Bombambili, mjini Songea, huweza kufukua chuma kilichopinda, kilichofunikwa na kutu, akakiita mara moja kiatu cha farasi. Kudhani ni kwepesi. Kutambua kuna kazi. Kiatu cha farasi hujulikana kwa umbo la mwezi mchanga na kwa matundu ya misumari yaliyopangwa pande zote mbili. Jembe la wahunzi wa kale hujulikana kwa msuka wake, hata kama bapa limelika.

Nchi nayo ni shahidi. Mahali pengi kusini mbung'o waliua farasi, na shehena zilisafiri vichwani na mabegani mwa watu. Basi uhaba wa viatu vya farasi huwakumbusha wapagazi, ambao nyayo zao hazikuacha chuma.

Ganda la risasi huweza kuwa la Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni papa hapa Songea. Huenda ganda hilo ndilo shahidi pekee wa mahali alipoanguka mtu. Likiuzwa bila kuandikwa lilikopatikana, hubaki shaba tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hutaka leseni kwa uchimbaji wa namna hii, na busara hutaka zaidi: kitu kiachwe kilipo, kisisuguliwe, waitwe wajuzi. Chuma hudumu udongoni miaka mingi. Ushahidi wake hupotea kwa pigo moja la jembe.